Sina hata mchubuko ila miezi mitano sasa siwezi kupanda gari. Kuna mwenzangu?

fundi_baridi:

Wadau habari za jioni. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu, leo nautuma hivyohivyo ulivyo, mtanisamehe kama haueleweki.

Mimi ni fundi wa mafriji na AC, nipo Mtwara mjini, Chikongola. Kazi za mjini zipo ila zenye hela ni za Masasi na Newala, mabucha, gesti, maduka ya vinywaji, kwahiyo kwa wiki nilikuwa barabarani mara mbili mpaka tatu. Mwezi wa kumi mwaka jana tukapata ajali. Tunatoka Masasi na Probox, jua limeshazama lakini giza halijakolea, ule muda ukiwasha taa hazisaidii na usipowasha huoni. Tumeipita Nyangao, Mtama bado, kumbe mbele kuna lori limekufa katikati ya lami, halina taa halina rifleksta, wenyewe wamekata matawi ya mkorosho wakayatandika barabarani kama kawaida yetu, ila wameyatandika hatua kumi tu kutoka kwenye lori. Sasa hapo ukiona tawi ujue na lori umeshaliona. Dereva alikata kulia, mbele tukapita, nyuma upande wa kushoto haukupita. Gari ikageuka ikaenda kulala porini.

Dereva alivunjika mguu na mbavu. Kuna mama mmoja tulimpakia Ndanda, alikaa nyuma kushoto, yeye hospitali hakufika. Mimi nilikuwa mbele kushoto, palepale mbele yake. Sikuumia. Sisemi sikuumia sana, sikuumia kabisa, hata kifungo cha shati hakikutoka. PF3 ya polisi nilipewa kama wengine, daktari akanigeuza huku na huku akaniambia wewe nenda nyumbani kapumzike. Na usiku uleule nikapewa lifti mpaka Mtwara, nikakaa kwenye gari vizuri tu, hata story nilipiga. Ndio maana sielewi.

Kama wiki ya tatu ndio ikaanza. Gari ilipolala ubavu, indiketa ilibaki inafanya kazi, tik tik tik, watu wote kimya ila yenyewe tik tik tik. Basi siku hiyo nimekaa sebuleni naangalia mpira, saa ya ukutani nikaisikia. Miaka sita ipo pale sijawahi kuisikia. Nilijikuta nimesimama mlangoni nje, miguu mitupu, sjui nimefikaje. Betri nimeitoa mpaka leo, wageni wakiuliza nawaambia imekufa.

Yule mama alikuwa na kikapu cha ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya huku kusini, ilimwagika gari zima, mingine ilinidondokea shingoni ikiwa bado ya moto. Mtu wa Mtwara sili ming'oko jamani, mnanielewa? Nikipita kwa wauzaji naenda upande wa pili wa barabara.

Gari sipandi. Nilijaribu daladala ya Mikindani, nikawa nakanyaga breki ambayo haipo mpaka abiria wa mbele akageuka kuniuliza kaka vipi, nikashuka Mangamba nikarudi kwa miguu. Kazi za Masasi nimewaachia vijana. Usiku nalala saa moja moja. Wiki iliyopita jirani alipunguza mwembe wake akaacha matawi njiani, nimetoka na mwanangu namshika mkono tukafika pale nikaganda, jasho linanitoka, mtoto ananiambia baba twende, baba twende. Sjui tulisimama dakika ngapi.

Nikimwambia mtu jibu ni moja, shukuru Mungu, mwenzio kavunjika mguu, mwenzio kafa. Nashukuru, jamani. Ila ukishaambiwa shukuru unakuwa huna tena cha kusema.

Kuna mwenzangu humu? Inaisha?

pweza_mkavu:

Pole sana mkuu. Ila kweli shukuru Mungu.

chuno_boy:

Hahaha huyu wa juu kasoma uzi kweli?

mwalimu_wa_jioni:

Mkuu pole. Usipuuzie, damu ya mtu ikimwagika mbele yako inakufuata. Mafundi wangapi wamefanyiwa kisomo wakakaa sawa. Tafuta shehe mzuri, unywe kombe siku saba, na sadaka utoe kwa ajili ya yule marehemu. Nasema kwa nia njema.

fundi_baridi:

Mwalimu asante. Kisomo nimefanyiwa mwezi wa kumi na mbili, nyumbani kwa mama, na sadaka tumetoa. Nilipata utulivu kama siku nne tano, nikalala vizuri. Halafu ikarudi.

ngumi_jiwe:

Mwanaume mzima unaogopa tawi la mwembe? Maisha yamekuwa laini siku hizi.

tandam_la_kusini:

Ngumi jiwe kaa kimya ndugu yangu, kaa kimya kabisa.

Fundi, mimi ni dereva wa lori. Msimu wa korosho nashusha mzigo bandarini hapohapo kwenu Mtwara, msimu ukiisha napeleka Dar. Nakwambia ukweli, nimesoma ulichoandika nikainuka nikaenda nje kufungua boksi la vifaa kuangalia kama zile pembetatu nyekundu zipo. Ipo moja. Maana hayo matawi sisi ndio tunayaweka. Nimeyaweka mara ngapi, sihesabu, unashuka umechoka, unakata tawi la karibu unalitupa karibu, unaingia chini ya gari na tochi mdomoni. Sijawahi kujiuliza yule anayekuja anaona nini.

Na mimi yangu ninayo. Mwaka 2023 kabla ya kufika Somanga niligongana na basi dogo, kosa halikuwa langu na polisi walipima wakasema hivyo, lakini haisaidii. Nilikuwa nikiona taa mbili zinakuja mbele yangu mikono inakufa ganzi. Nikaanza kunywa pombe ya nipa ili nilale. Mwanzo kikombe kimoja, baadae kikombe hakitoshi. Unalala saa mbili usiku kama umekufa, saa nane uko macho unahema kama umekimbizwa na nguruwe. Mwezi wa tano 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kule Somanga, magari yamepanga foleni, watu wanalaani serikali, wanalaani wakandarasi, wanalaani mvua, mimi nimekaa chini ya lori langu moyoni nafurahi. Nasema isitengenezwe. Hapo ndio nikajua huyu si mimi. Dereva gani anafurahi barabara kukatika?

Kwahiyo mwenzako nipo. Na inapungua. Sisemi imeisha, usiku bado siendeshi, bosi wangu nilimwambia ukweli akanielewa, wengine wasingeelewa.

mzee_wa_shangani:

Nawaheshimu vijana lakini haya mambo ni ya wazungu. Sisi zamani tulipanda malori juu ya magunia kwenda Dar, barabara ya vumbi, wiki nzima ya masika mmekwama Rufiji mnasubiri kivuko, daraja la Mkapa halijawepo, mpaka 2003 ndipo likafunguliwa. Ajali zilikuwepo na watu walikufa. Hatukuwa na magonjwa haya.

mjukuu_wa_newala:

Shikamoo mzee. Naomba nikujibu kwa heshima zote.

Babu yangu mdogo alienda vita ya Kagera, karudi 1979. Sisi watoto tulijua tu babu hakai mgongo ukitazama mlango. Harusini, msibani, popote, atahamisha mkeka mpaka apate ukuta. Bati likigongwa na embe usiku, yeye yuko nje na panga. Bibi alikuwa hamwamshi kwa kumgusa, anasimama mbali anaita jina lake mpaka aitike. Watu walisema ana mashetani ya Uganda. Alikunywa pombe ya ulaka mpaka imemmaliza. Nilipokuja kusoma baadae nikakuta ugonjwa huu madaktari wa Marekani wameuingiza kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980, kwa sababu ya askari wao waliorudi Vietnam. Mwaka mmoja tu baada ya babu kurudi. Kwahiyo mzee wangu magonjwa yalikuwepo, sema jina ndio lilikuwa halijafika Newala.

mzee_wa_shangani:

Marahaba mjukuu. Hilo la kuhamisha mkeka nimelifahamu. Tulikuwa na mtu wa hivyo hapa kwetu.

zamu_ya_usiku:

Kaka fundi pole sana, na tandam nawe pole.

Mimi ni nesi, nilikaa wodi ya majeruhi kabla ya kuhamia kitengo cha afya ya akili. Huku kwetu hawaji wakisema nina kiwewe, wanakuja na kichwa, na tumbo, na moyo kwenda mbio, wamepima malaria mara tano wamepima presha, wamepima mpaka sukari. Mwishoni kabisa anaanza kutoka mlangoni halafu anageuka, anasema sista, halafu niliwahi kupata ajali.

Nieleze kwa lugha ya nyumbani. Siku ya ajali mwili wako ulipiga king'ora, na ulifanya vizuri, ndio kazi yake. Sasa kumbukumbu ya kawaida ikikaa kichwani inakuwa na tarehe, unajua hii ni ya jana hii ni ya mwaka juzi. Hii ya kwako haikupata tarehe. Ukisikia saa ya ukutani hukumbuki ajali, mwili wako uko ndani ya ile Probox saa hiyohiyo, ndio maana ukajikuta mlangoni. Na kila ukikwepa, iwe gari, iwe ming'oko, iwe saa, unapata nafuu palepale, na hiyo nafuu ndiyo inaufundisha ubongo kwamba kumbe kweli pale palikuwa na hatari. Kesho unaongeza kingine cha kukwepa. Ulianza na Masasi, ukaja Mikindani, sasa uko kwenye matawi ya jirani. Unaona inavyosogea nyumbani?

Kuchelewa kwako kuanza si ajabu. Tena wiki za mwanzo kushtuka na kukosa usingizi ni kwa karibu kila mtu na wengi inaondoka yenyewe. Ikishapita mwezi na inakukatisha kazi na usingizi, ndipo inaitwa PTSD, kwa Kiswahili utasikia tunasema msongo baada ya kiwewe. Na suala la kwamba hujaumia, hilo watu wanalikosea sana hata sisi wahudumu. Unaweza kuvunjika mguu ukapona vyote viwili, mguu na akili, na unaweza kutoka bila mchubuko ukabaki hivyo. Kinachohesabika zaidi ni uliona nini na uliamini nini dakika ile.

Tiba ipo. Ya kwanza ni ya kuongea, ila si kuongea kama tunavyopiga soga, ni kwa mpango, mara nyingi wiki nane mpaka kumi na mbili, mnairudia ile siku kidogokidogo na mtu aliyefundishwa mpaka ipate tarehe, na huku nje unavirudia vile unavyovikwepa kwa ngazi, kuanzia chepesi. Kuna na ile ya kufuatisha vidole kwa macho huku unakumbuka, EMDR, inafanya kazi vizuri ila kumpata mtu wa kuifanya huku kusini ni shughuli. Dawa zipo pia, za jamii ya sertralini na fluoksetini, zinachukua wiki kadhaa kuanza kuonekana na haziachwi ghafla, unaandikiwa na daktari hununui mwenyewe.

Na hapa naomba nikuulize, unanunua vidonge vya usingizi dukani? Maana wengi wanapewa Valium juu ya kaunta. Shirika la Afya Duniani lenyewe limeshauri dawa za jamii hiyo asipewe mtu mwezi wa kwanza baada ya tukio kama hili, hazizuii ugonjwa na zina uraibu. Nipa ndio kabisa, tandam kashasema.

Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu Ligula, wa Lindi Sokoine, ulizia kitengo cha afya ya akili. Usione haya, siku ya kliniki benchi limejaa watu wazima na akili zao. Kisomo endelea nacho kama kinakupa utulivu, havigombani.

Mwisho kabisa, na usijibu kama hutaki. Umeeleza lori, umeeleza matawi, indiketa, kikapu. Mama mwenyewe umemgusa mstari mmoja ukaondoka.

fundi_baridi:

Sista umenikamata na vidonge. Ninavyo.

La mwisho nitajibu, si leo.

mama_wawili:

Mimi naongea upande wa ndani maana wanaume wakiandika haya wanajiandika wao tu.

Mume wangu alipata ajali ya bodaboda na gari hapa Lindi mjini, mteremko wa kutoka Mtanda. Alipona, mkono ukapona. Ila nyumbani tuliishi na mtu mwingine. Mlango ukipigwa na upepo anafoka, mtoto akidondosha sufuria anafoka, halafu anaenda kukaa nje anainamisha kichwa. Akawa halali kitandani, analala sebuleni chini karibu na mlango, mimi nikajua kapata mwanamke. Wallahi nilimpekua simu miezi miwili. Hakuna kitu. Siku moja nikamkuta usiku anajifunika shuka kichwani ameng'ata kona yake ili sisi tusimsikie.

Fundi mkeo anajua? Au anajua saa imekufa betri?

fundi_baridi:

Anajua saa imekufa betri.

chuno_boy:

Daah.

fundi_baridi:

(siku tatu baadae)

Nimemwambia mke wangu. Alinyamaza kidogo halafu akaniambia alijua tangu siku ile nilipokataa ming'oko kwa mama yake, alikuwa ananisubiri. Vidonge kavichukua yeye.

Sasa nijibu lile swali la sista, nikilala nalo tena nitafuta uzi mzima.

Yule mama pale Ndanda alitaka kukaa mbele. Alisema akikaa nyuma anatapika. Mimi nilikuwa na begi la vifaa na geji miguuni nikamwambia mama mbele hapatoshi, kaa nyuma fungua kioo utakuwa sawa. Akasema haya mwanangu. Akanipa mng'oko mmoja, nikala.

Na kabla ya Nyangao mimi ndiye niliyemwambia dereva kanyaga, giza linatukuta. Akakanyaga.

Ndio hivyo. Watu wanasema shukuru Mungu, mimi najiona nimekaa kwenye kiti cha mtu.

tandam_la_kusini:

Nimekaa na hii simu nusu saa.

Sikiliza fundi. Mimi kila siku ya Mungu abiria ananiambia kanyaga. Turnboi ananiambia kanyaga, bosi kwenye simu ananiambia kanyaga, mke wangu ananiambia utafika lini. Mguu ni wangu. Nikikanyaga nimekanyaga mimi. Na yule mwenye lori alitakiwa aweke alama mbali ili gari ipate pa kusimama. Ile kazi ya kuona giza linaingia na kupunguza mwendo ni ya dereva, si ya fundi friji.

Kuhusu kiti sina jibu. Huo ni mzito.

zamu_ya_usiku:

Kaka, sitakwambia si kosa lako, hilo umeshajiambia mara elfu halikuingia. Nikuulize tu. Siku ile pale Ndanda ulijua nini? Ulijua mama anasikia kichefuchefu, ulijua begi limejaa miguuni. Kulikuwa na lori? Unajihukumu pale Ndanda kwa kitu ulichokuja kukijua baada ya kuipita Nyangao.

Hicho ulichoandika ndicho cha kwenda nacho kliniki. Ukianza na indiketa mtazunguka wiki tatu.

Na kitu cha kufanya ikikupata ghafla njiani: taja vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja unachoonja. Kwa sauti kama unaweza. Haitibu, inakurudisha ulipo.

bima_na_haki:

Samahani natoka nje kidogo ya mada. Familia ya yule mama imefuatilia? Bima ya lazima ya chombo inahusu pia kifo na majeraha ya watu, na namba ya gari ikiwepo unaangalia kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, kama bima ilikuwa hai. Watu wa vijijini wengi wanaachia tu. Wewe ni shahidi fundi, maelezo yako yana maana.

fundi_baridi:

Hilo sikuwaza kabisa. Hata kwao sijawahi kufika.

fundi_baridi:

(wiki tano baadae)

Mrejesho, maana wengine mmenifuata inbox.

Nimeenda Ligula. Siku ya kwanza nilifika getini nikarudi, nisiwafiche, nilikaa kwa mama ntilie nikanywa chai mbili nikarudi Chikongola. Siku ya pili mke wangu akanisindikiza. Kulikuwa na mwalimu mmoja ninayemfahamu kwenye benchi, tulijifanya hatujaonana kama dakika ishirini halafu tukacheka wote.

Nimeandikiwa dawa, wiki mbili za mwanzo kichefuchefu na mdomo mkavu, sasa kimepungua. Na kila Jumatano nakaa na kijana mmoja, mdogo kwangu huyo, ananifanya nisimulie ile siku kuanzia Masasi, kwa wakati uliopo, "naona tawi", "nasikia tik tik". Mara ya kwanza nilitapika kwenye ndoo. Mara ya nne nikajikuta nakumbuka kitu nilichokisahau kabisa, kwamba baada ya gari kulala nilitambaa nikatokea kioo cha nyuma nikamshika yule mama mkono, na alinibana vidole. Miezi yote hii kichwani mwangu nilikuwa nimekaa tu mbele nasikiliza indiketa. Kumbe nilienda.

Huko kwingine napanda ngazi kama sista alivyosema. Wiki ya kwanza nilikaa kwenye Probox ya rafiki yangu gereji pale Mkanaledi, imezimwa, haina hata tairi za nyuma, iko juu ya mawe, nakaa siti ya mbele kushoto nusu saa. Mafundi wananiangalia kama mwehu. Siku ya tatu nikamwambia awashe indiketa. Nilitaka kukimbia, nikashika mlango, nikabaki, baada ya kama dakika ishirini ikawa ni indiketa. Sjui nielezeje zaidi ya hapo, ikawa ni indiketa tu ya gari bovu.

Halafu bajaji mpaka Mikindani, dereva anaenda taratibu nikamlipa zaidi. Vitano ninavyoviona: mbuyu, mikoko, ngalawa, Boma, mgongo wa dereva ana fulana ya Yanga. Mwanangu tulienda naye mara ya pili akawa ananitajia yeye, baba mbuyu! baba mbuyu mwingine!

ngumi_jiwe:

Mkuu nilikutukana huko juu. Kaka yangu alikufa kwa pikipiki tukiwa wote. Sijawahi kusema popote. Hiyo kliniki wanapokea siku gani?

zamu_ya_usiku:

Pole mdogo wangu. Nimekutumia ujumbe pembeni.

mama_wawili:

Wangu amerudi kitandani. Anakoroma, sasa silali mimi.

fundi_baridi:

(karibu miezi miwili baada ya hapo)

Nimefika kwao na yule mama. Daladala mpaka Mnazi Mmoja, nikapumzika pale nikala machungwa, nikapanda nyingine kuelekea Ndanda. Kati ya Mtama na Nyangao nilifumba macho, nakiri, kijana wa Jumatano kaniambia safari ijayo nifumbue.

Nilimkuta binti yake mkubwa anapukuchua mbaazi. Nilikuwa nimepanga maneno yote, la kiti na la kanyaga, nikayasema vibaya, yamechanganyikana. Alinisikiliza mpaka mwisho huku mikono haisimami. Akasema mama alikuwa anatapika hata akikaa mbele. Hata akikaa kwenye lori peke yake. Halafu akaniuliza, alisema chochote? Nikamwambia hakusema, ila alinibana vidole. Akaacha kupukuchua.

Ya bima nimemweleza, na mdogo wake ameanza kufuatilia, nimeandika maelezo yangu upya polisi. Wamenifungia mbaazi kwenye kitambaa, na kuna ming'oko mitatu juu yake. Nimefika nayo nyumbani. Mmoja nimekula nusu.

tandam_la_kusini:

Nimenunua pembetatu ya pili. Nikikwama naweka ya kwanza, natembea nahesabu hatua mia, naweka nyingine. Turnboi ananiona mchawi.

mzee_wa_shangani:

Hatua mia ni mbali usiku, mwanangu. Chukua tochi.

mama_wawili:

Fundi, sasa nikuombe la kwangu. Friji langu huku Lindi linavuja maji chini na juu haligandishi. Wa hapa kanichaji akaliacha vilevile. Unakuja?

fundi_baridi:

Hiyo huenda ni njia ya maji imeziba barafu, dada, usimpe mtu hela tena. Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Ila nikichelewa ujue nimeshuka Mingoyo napumua, nisubiri.